Simu mezani, kioo juu

Hamjambo wanangu. Leo tunaongelea mitandao ya kijamii na mwanachuo. Kabla sijaanza, kila mmoja atoe simu aiweke mezani, kioo juu. Msizime. Wewe binti wa safu ya mbele, utanihesabia yako inawaka mara ngapi mpaka nimalize.

Aliyetoka Ukerewe humu anajua dagaa wanavuliwaje. Usiku wa giza unaingia ziwani na karabai, siku hizi taa za sola, unaiwasha, unatulia. Humfukuzi dagaa, anaifuata nuru mwenyewe. Wakishajaa, unazungushia wavu. Mwezi mpevu ukitoka, mvuvi analala nyumbani, maana ziwa zima lina mwanga na taa yake haina mvuto tena. Simu haijui mwezi mpevu.

Facebook ilianza Februari 2004 bwenini Harvard, Marekani, ikiwa ya wanafunzi wa chuo kile tu. Kwa hiyo mwanachuo hakudandia njiani, ndiye abiria wa kwanza. Mwaka 2006 mbunifu mmoja, Aza Raskin, akaja na ukurasa usiofika mwisho: ukishuka, mengine yanajileta. Zamani ukifika chini ilibidi ubofye, na hapo ndipo ulipokumbuka kuwa kesho kuna jaribio. Mwenyewe alikuja kuijutia hadharani kazi ile.

Usingizi naupita haraka, mmehubiriwa vya kutosha. Mnajua bando la usiku linavyowakesha, na mnajua kipindi cha saa moja asubuhi mnakuja na macho gani.

Kinachonisumbua mimi ni kundi la darasa la WhatsApp. Lina faida, sikatai. Kipindi kikiahirishwa, anayekaa Buhongwa anaokoa nauli ya daladala. Na namfahamu mwanafunzi anayeuza dagaa wa soko la Mwaloni kwa stetasi, hosteli anajilipia bila kungoja bumu, ile hela ya mkopo. Huyo sina neno naye, ila kilo zangu mbili hajaleta.

Sasa sikilizeni. Muhula mmoja nilitoa kazi ya kuandika, jioni nikakaa kusahihisha. Karatasi ya tatu: Azimio la Arusha, 1976. Ya saba: 1976. Ya kumi na tisa: 1976, na neno "Ujamaa" limekosa herufi ileile. Nikafuatilia mpaka nikampata wa kwanza. Aliandika usiku, amechoka, akageuza tarakimu, akaipiga picha karatasi yake na kuitupia kundini. Nilidhani atajitetea. Akaniambia, "Mwalimu, nilituma ili wanisahihishe."

Alichopata ni vidole gumba na "Mungu akubariki, mkuu". Asubuhi darasa zima likawa limenakili.

Sisi tulikuwa na diskasheni chini ya mwembe. Ukitamka 1976, kuna mtu anakucheka papo hapo, tena mbele ya msichana unayemtaka. Inauma, lakini husahau tena. Kundini hakuna anayecheka. Anayeona kosa anaogopa kuonekana mjuaji mbele ya watu mia, asiyeona anashukuru, na yule mwenye bidii anageuka mpishi wa darasa zima, ambaye chakula chake hakuna anayekionja kabla ya kumeza.

Basi binti yangu, imewaka mara ngapi? Kumi na moja. Haya, asante.

Na Azimio la Arusha ni la mwaka gani?