Ukiulizwa Shilingi au Pauni, Jibu Pauni

OTIENO: Hamjambo wasikilizaji wetu, popote mlipo. Mko na Otieno, na ng'ambo ya meza yuko Mama Rehema, aliyetua Nairobi wiki iliyopita. Mama, karibu nyumbani. Tumekukosa miezi minne.

REHEMA: Nimekaribia, mwanangu. Mjukuu ameanza kutembea, nimeacha nyumba haina kitu kinachobaki mezani. Lakini nimefurahi kurudi, hata baridi ya Julai ya hapa naiona kama joto.

OTIENO: Kwa anayetusikiliza mara ya kwanza: Mama ni mwalimu mstaafu, anaishi Buruburu, na kila mwaka huenda kukaa na binti yake Croydon, kusini mwa London. Pensheni inaingia hapa, matumizi yako kule. Leo tunazungumzia pesa inayopotea njiani, kati ya hapa na kule.

REHEMA: Na inapotea kweli. Mimi kule ni mgeni, nina viza ya mgeni, na mgeni hafunguliwi akaunti ya benki kirahisi. Kwa hiyo kila pauni ninayotumia inatoka kwenye kadi ya hapa nyumbani. Na huko huwezi kusema utaishi kwa noti peke yake, kwa sababu mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu 2014. Unagusa kadi, unapanda.

OTIENO: Tuanzie pale ulipoumia.

REHEMA: Safari ya kwanza, siku ya tatu. Nilitaka pauni 200. Kulikuwa na mashine ya ATM ukutani, nje ya duka. Nikaingiza kadi, nikaweka namba ya siri, nikachagua kiasi. Basi ikaniuliza kama nataka kukatwa kwa shilingi za Kenya, na jumla ikaandikwa pale pale kwa shilingi. Otieno, nilifurahi! Niko mbali na kwetu, kila kitu kigeni, halafu mashine inanisemesha kwa shilingi. Nikabonyeza kukubali. Jioni binti yangu akaiona risiti. Akanikalisha chini, akafungua simu, akanionyesha kiwango cha pauni cha siku ile na kiwango nilichokubali mimi.

OTIENO: Wacha niweke hesabu ili msikilizaji aione, na hizi ni namba za mfano tu. Tuseme pauni moja ni shilingi 170. Pauni 200 ni shilingi 34,000. Sasa mwenye mashine anakuwekea kiwango chake, kimezidi kwa asilimia 7. Unakatwa 36,380. Zimekwenda shilingi 2,380, na kwenye risiti hazijaitwa ada. Zimefichwa ndani ya kiwango.

REHEMA: Hiyo ni nauli ya mtu wa Rongai kuja mjini na kurudi kwa wiki mbili. Kwa kubonyeza kitufe kimoja!

OTIENO: Wengi hawajui nani anabadilisha pesa hapo. Ukikubali shilingi, anayebadilisha ni mwenye mashine pamoja na kampuni anayoshirikiana nayo, na wanajipangia kiwango. Ukikataa, muamala unakuja kwa pauni, halafu kampuni ya kadi yako, Visa au Mastercard, wanaubadilisha kwa kiwango chao, ambacho hukaribia sana kile cha soko. Kampuni hizo mbili zote zina kikokotoo kwenye tovuti zao. Weka tarehe, weka sarafu, utaona.

REHEMA: Na hapa nataka mama na baba wanaotusikiliza wanielewe vizuri, maana hofu iko hapa. Kitufe cha kukataa kinatisha. Unaona neno la kukataa, unadhani utanyimwa pesa, na nyuma yako kuna foleni. Hunyimwi. Umekataa ubadilishaji tu. Mashine itatoa pauni zako zile zile 200. Ikiwa itauliza tena mara ya pili, na baadhi huuliza tena, kataa tena.

OTIENO: Dukani je?

REHEMA: Ni vile vile. Kile kimashine cha kadi anachokuletea mhudumu mezani kinaweza kuuliza swali hilo hilo, na mara nyingine mhudumu anakubonyezea kwa nia njema, akidhani amekurahisishia. Tazama skrini kabla ya kuweka namba ya siri. Ukiona KES, yaani shilingi ya Kenya, mwambie kwa upole afute aanze upya kwa pauni. Hiyo ni haki yako.

OTIENO: Nchi za Umoja wa Ulaya zililiona jambo hili. Tangu Aprili 2020, mwenye mashine au duka la huko analazimika kukuonyesha kwa asilimia jinsi kiwango chake kilivyozidi kile cha Benki Kuu ya Ulaya. Kwa hiyo ukiwa Paris au Berlin, soma ile asilimia. Inakuambia kila kitu.

REHEMA: Sasa tuje kwa benki zetu wenyewe, kwa sababu si haki kulaumu mashine za watu peke yake. Nilipoanza kukataa shilingi, makato yalipungua lakini hayakuisha. Nikaja hapa mjini, nikaenda kwenye tawi langu, nikaomba karatasi ya ada. Kumbe kila nikitoa pesa nje kuna ada isiyobadilika, juu yake kuna asilimia ya kubadilisha fedha, na juu ya ada kuna ushuru wa serikali.

OTIENO: Ada isiyobadilika ndiyo inayoumiza mtu anayetoa kidogo kidogo. Mfano tena: tuseme ni shilingi 500 kila mara. Ukitoa pauni 20, yaani 3,400 kwa kiwango chetu cha mfano, zile 500 ni karibu asilimia 15 ya pesa yako. Ukitoa pauni 200, ni asilimia moja na nusu.

REHEMA: Na mimi nilikuwa natoa ishirini ishirini kwa kuogopa kuibiwa! Siku hizi natoa mara moja kwa mwezi, naweka ndani ya nyumba, na mengine yote nagusa kadi. Mashine nyingi za Uingereza hazikutozi upande wao, na zile zinazotoza lazima zikuambie kwanza. Ukiona inataka pauni mbili, toa kadi yako, tembea hadi ya benki iliyo karibu.

OTIENO: Marekani ni tofauti. Huko mwenye mashine kutoza dola kadhaa ni jambo la kawaida, hata kwa wenyeji. Na popote uendapo, usitoe pesa taslimu kwa kadi ya mkopo kama una njia nyingine. Riba huanza kuhesabiwa siku ile ile, haingoji mwisho wa mwezi.

REHEMA: Ambacho kimenisaidia kuliko vyote ni akaunti ya pauni. Benki nyingi za hapa Nairobi zinafungua akaunti ya dola, ya pauni, ya yuro. Lakini uliza swali moja kabla hujatia sahihi: kadi itakayotoka, imefungwa kwa akaunti ipi? Jirani yangu ana akaunti ya dola na kadi ya dola, akaenda nayo London akidhani amekwepa. Hajakwepa. Akilipa kwa pauni, dola zake zinabadilishwa kuwa pauni, na anakatwa. Na kuna kadi za shilingi ambazo pesa inapita kwanza kwenye dola ndipo ifike kwenye pauni. Inaliwa mara mbili.

OTIENO: Lakini Mama, hata hizo pauni umezinunua kwa shilingi. Umebadilisha tu, ila umebadilishia hapa.

REHEMA: Ndiyo, lakini nimebadilisha nikiwa nimekaa, nimeona bei, na nimeijadili. Watu hawajui kwamba kiwango cha benki kinajadiliwa. Ukiwa na kiasi cha maana, usikubali kile cha ubaoni. Omba kuzungumza na wale wa fedha za kigeni. Nenda umeshapita foreksi, yale maduka ya kubadilisha fedha, mbili tatu za mjini, una bei mkononi. Na tazama safu iliyo sahihi: wewe unanunua pauni, kwa hiyo bei yako ni ile waliyoandika ya kuuza.

OTIENO: Na usinunue zote siku moja. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na kabla ya Machi kuisha ilikuwa imeshuka hadi kama 130. Aliyenunua zote Januari analijua hilo bila mimi kumwambia. Mama hununua vipi?

REHEMA: Kila pensheni ikiingia nanunua kidogo. Nikifika mwezi wa kusafiri, akaunti imejaa na sikuhisi.

OTIENO: Kuna msikilizaji wa Kasarani ametuuliza kinyume chake. Dada yake anaishi Manchester, anakuja kukaa hapa Desemba hadi Machi. Atumie nini?

REHEMA: Huyo kazi yake ni rahisi kuliko yangu. Uingereza kuna benki za simu, kama Starling, ambazo hazikutozi ada kwa kutumia kadi nje. Aje na kadi ya aina hiyo. Akiwa kwenye ATM ya Westlands akiulizwa pauni au shilingi, sasa ajibu shilingi. Kanuni haibadiliki: jibu sarafu ya mahali uliposimama.

OTIENO: Na baadhi ya mashine za hapa zinatoza kadi za kigeni, kwa hiyo asome skrini. Ningekuwa mimi, ningeacha ATM kabisa. Ajitumie kwenye M-Pesa yake kwa programu ya kutuma pesa kama Wise au WorldRemit, halafu alipe dukani kwa namba ya tili, ambayo haimkati mnunuzi. Kikomo cha sasa cha M-Pesa ni shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, inatosha kabisa. Ila alinganishe kile kitakachofika, asilinganishe ada. Kuna programu zinazotangaza kutuma ni bure, na faida yao imekaa kwenye kiwango. Swali ni moja: nikituma pauni 100, simu ya Kenya itapokea shilingi ngapi?

REHEMA: Swali hilo lingeniokolea pesa nyingi.

OTIENO: Mimi ninayekaa hapa natumia ile kadi ya Visa ya ndani ya simu, M-Pesa GlobalPay, iliyokuja 2022, kulipia vitu vya mtandaoni. Hata tiketi ya treni ya huko unaweza kujaribu kuilipia kabla ya kusafiri. Lakini huwezi kuitia kwenye ATM, haina plastiki.

REHEMA: Na laini yako ya Kenya usiizime! Benki ikituma ile namba ya kuthibitisha malipo, inatuma huko. Mimi nazima intaneti ya laini hiyo na kuiacha ipokee ujumbe tu.

OTIENO: Kabla hatujaachana, Mama, umeingia studio na bahasha.

REHEMA: Ni pauni za dada yangu, alizihifadhi kutoka safari ya zamani. Noti za karatasi, za ishirini na za hamsini. Alizipeleka foreksi, wakazikataa, akarudi nyumbani analia. Zile za karatasi ziliacha kuwa halali madukani mwisho wa Septemba 2022, siku hizi noti zao ni za plastiki.

OTIENO: Kwa hiyo zimekufa?

REHEMA: Hapana. Benki Kuu ya Uingereza bado inazibadilisha, noti zake za zamani hazipotezi thamani pale. Binti yangu anakuja Agosti, nitampa bahasha arudi nayo. Dada yangu nilimpigia jana usiku nikamwambia, akaniuliza mara tatu kama nina hakika.