Jogoo Kwenye Kinanda

[Jogoo anawika. Anawika tena kwa sauti nene. Halafu nyembamba, halafu nyembamba zaidi, kama kifaranga aliyekabwa koo.]

SHANGAZI: Hebu acha, unamtesa kiumbe wa watu.

MPWA: [kicheko] Shikamoo shangazi.

SHANGAZI: Marahaba. Huyo ni wa nani?

MPWA: Wa nyumba ya nyuma. Nilikuwa narekodi alfajiri, akajiingiza mwenyewe. Nimemburuta mpaka FL Studio, programu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta, na sasa kila kitufe cha kinanda kina jogoo wake. Wasikilizaji, karibuni. Tuko Bagamoyo, dirisha tumelifunga kwa sababu ya upepo, kwa hiyo mkisikia tunahema ni joto. Leo tunaongelea jinsi sauti yoyote uliyoirekodi inavyogeuka chombo cha kupigwa.

SHANGAZI: Jogoo umemrekodi mara moja. Hao wengine wametoka wapi?

MPWA: Ni huyohuyo. Sampla, yaani kifaa cha ndani ya programu kinachopiga sauti uliyorekodi, inamharakisha au inampunguza mwendo. Ukipanda oktava moja, yaani semitoni 12, zile hatua ndogo kabisa za kinanda, kasi inakuwa mara mbili. Kuwika kwa sekunde mbili kunaisha kwa sekunde moja. Ukishuka oktava kunachukua sekunde nne, ndiyo maana kule chini amekuwa ng'ombe.

SHANGAZI: Kama kaseti zetu, betri zikianza kuisha.

MPWA: Umemaliza. Sasa kuna kosa moja la wanaoanza, nilitaje tu tupite. Programu haijui sampo yako, yaani ile sauti uliyorekodi, ni noti gani, lazima uiambie. FL ikipokea sampo inaichukulia ni C5. Ableton Live, programu nyingine ya muziki, noti hiyohiyo inaiita C3, usichanganyikiwe, zote ni namba 60 kwa hesabu ya MIDI, ile lugha ya namba ya vinanda na kompyuta. Kama sauti yako kwa asili inalia G na hukusema, ukibonyeza C unapata G, wimbo wote umeenda upande na wewe unamlaumu mwimbaji. Bofya kulia kwenye kile kinanda kidogo cha chaneli, chagua noti ya asili, basi.

SHANGAZI: Haya, tuje kwenye ilimba. Usizunguke.

MPWA: [anaguna] Nilijua.

SHANGAZI: Kwa wasioijua, ilimba ni ya Wagogo. Sanduku la mbao, juu yake vyuma vyembamba, unavipiga kwa madole gumba. Dodoma ni mbali na bahari, lakini hapa Bagamoyo masikio yetu yameizoea. Mzee Hukwe Zawose, Mgogo aliyesifika kwa kupiga ilimba, aliishi hapa mpaka alipofariki mwaka 2003. Tena kuna chuo, kilianza 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa, siku hizi TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mimi nimekua ngoma zikisikika hadi jikoni. Sasa huyu kijana akaazima ilimba kwa mzee mmoja jirani, akajifungia siku mbili, akaniletea spika. "Sikiliza shangazi." Nikasikiliza. Nikamwambia, mwanangu, hii ni kengele ya baiskeli.

MPWA: Iliniuma, sitaki kusema uongo.

SHANGAZI: Waeleze ulichofanya.

MPWA: Nilirekodi chuma kimoja, kile kilicholia vizuri kuliko vyote, nikakitandaza kibodi nzima. Na kabla ya hapo nilipitisha kisafisha kelele, kwa sababu chini ya noti kulikuwa na mzizimo, kama nzi kwenye chupa. Nikaufuta wote. Nikajisifu.

SHANGAZI: Huo mzizimo ndio ilimba yenyewe! Fundi anavisha vyuma vipete vidogo makusudi. Kwenye tundu la sanduku anabandika utando wa buibui, makusudi vilevile. Mtu amehangaika kutafuta buibui, wewe unakuja na kompyuta unamfuta.

MPWA: Na tena chuma kimoja kikipigwa, vingine vinatetemeka kwa kuitikia. Kwa hiyo nilipochukua kimoja nikakivuta juu na chini, ule mzizimo nao ulikuwa unapanda na kushuka pamoja na noti. Masikio yanagundua hata kama mtu hajui anagundua nini.

SHANGAZI: Hilo la kwanza. La pili?

MPWA: La pili ndilo lililonifunza. Kinanda cha kompyuta kimegawa oktava vipande 12 vilivyo sawa, kila kimoja senti 100, si senti za hela, ni kipimo cha urefu wa noti juu na chini. Muziki wa Wagogo haukugawanywa hivyo. Unafuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya noti moja, ile ngazi unayoipata ukipuliza bomba bila matundu: mara mbili, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Ile ya saba iko chini ya noti ya kinanda kwa senti 31 hivi. Hiyo ni karibu theluthi ya semitoni.

SHANGAZI: Kwa Kiswahili?

MPWA: Ukiisikia peke yake utasema imepinda. Ukiisikia na wenzake wakiimba, kinanda ndicho kilichopinda. Na mimi kwa kutandaza chuma kimoja nilikuwa nimewanyoosha wote kwa rula ya kinanda.

SHANGAZI: Ndiyo maana sikuweza kuimbia. Nilidhani ni uzee.

MPWA: Basi nikarudi kwa mzee na soda mbili. Ilimba yake ina vyuma 22. Nikarekodi kila kimoja, kwa nguvu tatu: cha kuguswa, cha kawaida, cha hasira. Na kila nguvu mara mbili.

SHANGAZI: Mara mbili ya nini, kama ni chuma kilekile?

MPWA: Binadamu hapigi mara mbili sawasawa. Ukirudia noti haraka na sampo ni moja, inasikika kama bunduki. Zikiwa mbili zinapokezana. Jumla ni sampo 132, na nilizikata moja moja kwa mkono, nikihakikisha mkato unaanzia pale wimbi linapovuka sifuri, la sivyo kila noti inaanza na "tk".

SHANGAZI: Siku nne hakuja kula kwangu.

MPWA: Halafu kila chuma kikapewa kitufe chake, hakuna kuvuta. Unaweza kutumia DirectWave, sampla iliyomo ndani ya FL, au kama huna hela, SFZ. Hiyo ni faili ya maandishi matupu: unaandika jina la sampo, namba ya kitufe, na kutoka nguvu ipi hadi ipi, maana MIDI inapima mpigo kuanzia 1 hadi 127. Kuiandika, Notipadi inatosha. Na msidhani ni ujanja mpya. Mellotron, kinanda kilichotoka Uingereza mwaka 1963, ilikuwa na utepe kamili wa sumaku chini ya kila kitufe. Sekunde nane, utepe unafika mwisho, achia kitufe.

SHANGAZI: Wazee waliona mbali. Zeze je?

MPWA: Zeze ni mtihani. Ilimba inalia inakufa yenyewe. Zeze inasuguliwa, noti inaweza kuendelea, kwa hiyo lazima utafute kipande cha katikati cha kuzungusha, kijirudie chenyewe, na kila ukizungusha unasikia pale inaporuka. Bado sijaiweza. Tutaongea nikiiweza.

SHANGAZI: Na mzee, anapata nini biti zikiuzwa?

MPWA: Tumeandikiana karatasi. Soda si malipo.

SHANGAZI: Vizuri. Waambie basi alivyokuja juzi.

MPWA: Alikuja na kanzu ya Ijumaa. Nikampa kibodi yangu ya vitufe 25. Vyuma vya gumba la kushoto nilivipanga upande wa kushoto, vya kulia upande wa kulia, hata kama noti hazifuatani. Mwenye kupiga piano atanitukana.

SHANGAZI: Akaweka madole gumba mawili, kama yuko nyumbani kwake.

MPWA: Akapiga dakika nzima bila kuongea. Halafu akahesabu vitufe. Akauliza, hivi vitatu vilivyobaki katikati ni vya nini?

SHANGAZI: Ukamwambia?

MPWA: Sikuwahi. Alishabonyeza.

[Jogoo.]