Nyumba Haijaisha, Watoto Wameshahamia

(Mazungumzo na wazazi wa chekechea, Moshono, Arusha)

Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu niliowaona hapo mbele, na wengine wote habari za mchana.

Mwalimu aliponiomba nije kuongea na wazazi nilimwambia amekosea namba. Mimi si mtaalamu wa malezi, mimi ni fundi ujenzi. Nimeanza kama saidia fundi, nimebeba zege kwa ndoo miaka mingi kabla sijaaminiwa kushika timazi. Akanijibu, "Ndiyo maana nakuita." Basi nimekuja, na kama nitaongea kwa sauti kubwa mnisamehe, nimezoea kuongea na mtu aliye juu ya kenchi za paa.

Nianze na swali. Wangapi humu mnaishi kwenye nyumba ambayo haijaisha? Nyosheni mikono bila aibu. (Mikono mingi, kicheko.) Naona hata mwalimu. Haya, shusheni.

Sisi hatumalizi nyumba ndipo tuhamie. Tunahamia, halafu ndiyo tunajenga. Ukishapaua, ukaweka mlango mmoja wenye kitasa na madirisha ya vyumba viwili, kwingine unaziba kwa mabanzi na viroba vya saruji, unamuaga mwenye nyumba. Kodi ya miezi sita inageuka matofali. Mimi nilifanya hivyohivyo, na simkatazi mtu. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka mitatu, wa pili anatambaa. Sakafu ni jamvi tupu la zege, dari hakuna, ukilala chali unahesabu misumari ya bati.

Tatizo langu lilikuwa kilichofuata. Hela ya kwanza iliyopatikana nikamalizia sebule. Jipsamu yenye taa za rangi, niru ukutani, taili. Kwa nini sebule? Kwa sababu ya wageni! Wakwe watakuja, kikoba kitakutana kwangu, watu waone fundi anaishi kwa fundi. Na ndugu zangu mnaorudi kwenu mlimani kila Desemba mnanielewa zaidi: nyumba ya kule ina taili mpaka ukutani, inalaliwa wiki mbili kwa mwaka, na hapa mjini watoto wanashuka ngazi isiyo na grili. (Kicheko.) Mnacheka. Nimewajengea wengi, nawajua.

Mgeni anakaa saa mbili, anakunywa chai, anasifia dari, anaondoka. Mtoto wa miaka miwili yumo humo mchana na usiku, na dunia yake ni ile mita moja ya chini kabisa. Dari yako hajawahi hata kuiangalia.

Siku moja, mke wangu akiwa kazini, nilipiga magoti nikazunguka nyumba nzima nikitambaa. Kama jirani angechungulia dirishani angeniitia mchungaji. Lakini niliona vitu ambavyo nikiwa nimesimama sikuwahi kuviona. Ncha ya waya wa kufungia nondo imechomoza kwenye nguzo ya baraza, usawa wa jicho lake kabisa. Soketi ya umeme ambayo kasha limewekwa, uso haujafungwa, waya zimekunjwa ndani. Chupa ya maji ya kunywa nyuma ya mlango wa stoo, ndani yake thina ya kuchanganyia rangi. Niliiweka mimi mwenyewe! Fundi mzima.

Hapo kwenye thina nisimame kidogo. Petroli, mafuta ya taa na thina havikai kwenye chupa ya soda wala ya maji, hata kwa dakika tano. Mtoto anasoma umbo la chupa, herufi bado. Na akishakunywa, usimtapishe; vikirudi juu vinaingia kwenye mapafu, na huko ndiko vinakoharibu. Mkimbize hospitali, na chupa yenyewe uende nayo.

Mkubwa wangu naye, yule chalii, alikuwa na kazi yake ya ujenzi. Choo cha ndani kilikuwa bado hakijafungwa sinki, bomba la inchi nne limechomoza sakafuni linasubiri. Kwake lile lilikuwa sanduku la posta. Akaposta kijiko, akaposta kokoto, akaposta rimoti, akaposta kiatu cha mdogo wake. Tulikuja kujua miezi mitatu baadaye, sinki limeshafungwa, taili zimeshawekwa, na maji hayaendi. Nilivunja sakafu yangu kwa nyundo na tindo. Tangu siku hiyo kwa mteja mwenye watoto siachi bomba wazi hata usiku mmoja. Nasokomeza kiroba, juu napiga zege jepesi, siku ya kufunga sinki nalitoboa.

Yule mdogo ndiye alinifundisha kwa uchungu. Tulikuwa tunamwaga sakafu ya korido. Akatoroka kwa dada, akaja akatambaa kwenye zege bichi, akakaa humo anapigapiga mikono, sisi tunacheka. Nikamtoa, nikampangusa na kitambaa chenye maji, nikarudi kazini. Mtoto hakulia. Usiku akaanza kulia, kufikia asubuhi magoti yote mawili yamechubuka mpaka nyama nyekundu. Saruji iliyolowa inaunguza kama magadi makali, na ubaya wake haiumi palepale, inaunguza taratibu wakati wewe umeshasahau. Sisi mafundi tuna ngozi ya tembo, tunadhani kila mtu anayo. Kumbe nilitakiwa nimvue nguo zote, nimweke chini ya maji safi yanayotiririka dakika 20 nzima, kisha nimpeleke aonwe. Mafuta ya kupikia na dawa ya meno sitaki kusikia. Na siku ya kumwaga zege watoto waende kwa bibi. Hiyo iingie kwenye bajeti kama kokoto.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hasa, nalo ni maji. Ningekuwa nimekuja kuongea Tanga au Mbeya ningelipita haraka.

Kila mtu humu anamjua mtu mwenye meno ya kahawia. Wengine ni sisi wenyewe. Tumezoea kusema ni meno ya watu wa Arusha, kama vile ni kabila. Ni floraidi. Huu mlima Meru unaotupa udongo mzuri wa kahawa na migomba ni volkano, na maji yakipita kwenye miamba yake yanayeyusha floraidi na kutoka nayo. Huioni, haina harufu. Watu wanaitazama rangi ya mto pale Maji ya Chai wanadhani hiyo rangi ndiyo floraidi. Hapana, glasi ya maji meupe pee kutoka kisimani inaweza kuwa nayo tele. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huku kwetu viko visima vinavyozidi hapo mara kadhaa, na kisima cha jirani kinaweza kuwa tofauti na chako. Kwa hiyo usiulize jirani, pima cha kwako.

Linalowahusu ninyi wa chekechea ni hili. Meno ya mbele ya ukubwani, yale yanayoota mtoto akiwa darasa la kwanza au la pili, yanajengwa ndani ya fizi tangu akiwa mchanga mpaka kama miaka minne, mitano. Floraidi inayazidi humo humo yakiwa bado yanajengwa. Yakishatoka na madoa, mswaki hauna la kufanya. Yaani maji anayokunywa mwanao leo utayaona kwenye picha yake ya darasa la pili. Ikizidi sana kwa miaka mingi inaenda mpaka kwenye mifupa.

Na kuchemsha hakusaidii. Najua mama mmoja ameguna. Kuchemsha kunaua vijidudu, endelea kuchemsha. Ila floraidi haipandi na mvuke. Maji yanapungua kwenye sufuria, yenyewe inabaki, kwa hiyo unaikoleza. Ipo pia kwenye magadi tunayotia kwenye maharage na kande yaive haraka. Kwa sufuria ya watoto, loweka maharage usiku kucha, magadi acha.

Dawa zipo. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali kilichofanya kazi miaka mingi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Maji yanapitishwa humo, mifupa inaishika. Ni njia nzuri, ila mkaa ukichoka lazima ubadilishwe, na ndoo isiyobadilishwa inakudanganya tu. Mimi ni mtu wa bati, kwa hiyo nitawaambia habari ya bati.

Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, hayana floraidi ya kuogopa. Hesabu yake ni rahisi kuliko ya matofali: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 10 ni mita za mraba 80. Ikinyesha milimita 20, ile mvua ya jioni moja ya Aprili ambayo hapa tunaiona ya kawaida, ni lita 1,600. Toa zinazoruka na kumwagika, tuseme zinabaki 1,200. Simtanki la lita 1,000 limejaa kabla taarifa ya habari haijaisha.

Maji hayo usiyafulie nguo wala kuoshea gari. Ni ya kunywa na kupikia tu. Watu watano kwa lita tano kila mmoja ni 25 kwa siku. Masika ikishakatika mwezi wa tano, mnakaa kama siku 150 mkisubiri vuli. 25 mara 150 ni lita 3,750. Tangi la lita 5,000 linakuvusha na chenji inabaki. Huna la 5,000? Basi maji ya mvua yawe ya wale walio chini ya miaka minane, sisi wenye meno yaliyokwisha kuharibika tunywe ya bomba. (Kicheko.)

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Gata lisafishwe. Mdomo wa tangi uwe na wavu, na kifuniko kinachofungwa. Hapo sibembelezi: mtoto mdogo anazama kwenye ndoo isiyojaa nusu, sembuse tangi au shimo la karo uliloliachia bati juu "kwa muda". Zege la kufunika karo linakuja kabla ya taili. Kabla ya rangi. Kabla ya kila kitu.

Muda unakimbia, mengine nayapitia. Grili za baraza na ngazi, nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 10, maana mwili ukipita kichwa kinabaki. Mliopanga nyumba za zamani, rangi inayobanduka msiisugue kavu. Ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, na kwa mtoto hakuna kiwango kidogo cha risasi kilicho salama. Ilowesheni, watoto wasiwepo, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Na jiko la mkaa. Mwezi wa sita na wa saba baridi inavyotupiga, watu wanaliingiza chumbani watoto wapate joto. Zamani boma, yaani nyumba isiyoisha, lilikuwa linatusamehe, upepo unapita kwenye mabanzi na chini ya bati. Sasa umeweka dirisha la alumini na jipsamu, chumba kimeziba kama chupa. Ile hewa ya mkaa haina harufu, mtu analala haamki. Nyumba uliyoimalizia ndiyo inaua, aisee. Jiko libaki nje, watoto waongezewe blanketi.

Mama pale nyuma amenyosha mkono. Eeh? Anauliza, kama ana hela ya kitu kimoja tu mwezi huu. Mama, karo lako limefunikwa? Kwa zege? Vizuri. Basi nunua gata la upande mmoja tu wa paa, ule mrefu, na pipa lenye kifuniko. Sebule iache na plasta yake. Wakwe wakiuliza, waambie fundi amesafiri.

Swali lingine?