Kwa Nini Mpiga Makasia Humpita Mwenye Alama za Juu Langoni mwa Harvard

Hamjambo, ndugu watazamaji, kuanzia Eldoret hadi Mwanza na popote pengine mlipo. Nawasalimu kutoka hapa Massachusetts. Wazazi wengi wameniuliza kama mtoto anayekimbia vizuri, na ambaye darasani si haba, anaweza kuingia Harvard au Yale kwa mbio zake. Ili kulijibu swali hilo, ni lazima kwanza tuelewe kwa nini vyuo hivi, ambavyo kila mwaka huwakataa maelfu ya vijana wenye alama za juu kabisa, huwapokea wanamichezo kwa mikono miwili.

Mwanamichezo ninayemzungumzia si kila aliyecheza mpira shuleni. Ni yule ambaye kocha wa chuo amemtafuta, akampima, kisha akapeleka jina lake katika ofisi ya udahili. Harvard iliposhtakiwa kuhusu udahili wake, katika kesi iliyosikilizwa Boston mwaka 2018, takwimu za ndani zilitolewa hadharani, na zikaonyesha kwamba takriban wanamichezo 86 kati ya kila 100 waliosajiliwa na makocha walikubaliwa, ilhali kwa mwombaji wa kawaida, asiye mwanamichezo wala mtoto wa mhitimu au wa mfadhili, walikubaliwa kama 6 tu kwa 100. Lililonishangaza zaidi ni hili: miongoni mwa waombaji waliopewa daraja la 4 la kitaaluma, ambalo kwa Harvard ni la chini, wanamichezo walikubaliwa kwa kiwango cha asilimia 70 hivi, na wasio wanamichezo hawakufikia hata mmoja kati ya 1,000.

Watu wengi hudhani sababu ni fedha za tiketi na televisheni. Huenda hilo ni kweli kwa vyuo vikuu vya umma vyenye timu maarufu za futiboli ya Kimarekani, lakini hakuna anayenunua tiketi ya kutazama skwoshi, mchezo wa kupiga mpira mdogo ukutani kwa raketi, au mchezo wa kupigana kwa vitara. Sababu ya kwanza ni hesabu ya kawaida tu. Harvard ina timu 42 za daraja la kwanza la michezo ya vyuo, nyingi kuliko Chuo Kikuu cha Michigan, ambacho wanafunzi wake wa shahada ya kwanza ni zaidi ya mara nne ya wale wa Harvard. Mashua ya makasia manane inahitaji watu tisa, pamoja na yule mdogo wa mwili anayeishika usukani na kuwapigia wenzake kelele. Chuo kidogo kilichoamua kuwa na timu nyingi hivyo hakiwezi kungoja bahati ilete golikipa mwaka ambao golikipa wake anahitimu. Ni lazima kimchague mapema. Katika vyuo vidogo zaidi, kama Williams na Amherst, takriban theluthi moja ya wanafunzi wote huwa katika timu za chuo.

Lakini nani aliamua timu ziwe nyingi kiasi hicho? Hapo historia inaingia. Harvard na Yale walishindana kwa makasia mwaka 1852, na hayo ndiyo mashindano ya kwanza ya michezo kati ya vyuo vya Marekani. Hata jina Ivy League, ambalo kwetu hutajwa kana kwamba ni cheo cha kitaaluma, ni jina la ligi ya michezo ya vyuo vinane, vikiwemo Harvard na Yale, iliyoundwa rasmi mwaka 1954. Kuna pia sura isiyopendeza. Katika miaka ya 1920, wanafunzi wa Kiyahudi walipozidi mmoja kati ya watano, rais wa Harvard wa wakati huo, A. Lawrence Lowell, alitaka idadi yao ipunguzwe, na udahili ukaanza kupima tabia na haiba pamoja na alama. Katika vipimo vya namna hiyo, kijana shupavu wa uwanjani alithaminiwa kuliko msomaji wa vitabu.

Sababu nyingine ni uhakika. Mwanamichezo aliyeelewana na kocha huomba mapema, na chuo kinajua kwamba akikubaliwa atakuja. Katika Ivy League anaweza kupokea barua ya kumhakikishia nafasi tangu Oktoba 1, miezi kadhaa kabla ya waombaji wengine kujua hatima yao. Neno la kocha lina thamani kubwa kiasi kwamba lilianza kuuzwa. Katika kashfa iliyofichuliwa Machi 2019, mshauri wa udahili aitwaye Rick Singer aliwahonga makocha ili watoto wa matajiri waorodheshwe kuwa wanamichezo, wengine wakiwa hawajawahi kuucheza mchezo wenyewe.

Na matajiri hunufaika hata bila hongo. Utafiti wa Raj Chetty na wenzake, uliotolewa mwaka 2023 kuhusu vyuo 12 vya kifahari, ulionyesha kwamba kati ya waliokubaliwa kutoka asilimia 1 ya familia tajiri zaidi, mmoja kati ya wanane alikuwa mwanamichezo aliyesajiliwa, na kwa waliotoka asilimia 60 ya familia zenye kipato cha chini zaidi alikuwa mmoja kati ya 20. Mbio za mashua na skwoshi zinataka klabu, kocha wa kulipwa na mzazi mwenye nafasi ya kumsafirisha mtoto kila wikendi.

Sasa nirudi kwa mkimbiaji wetu. Mkenya Henry Rono aliletwa na mbio hadi Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, na Mtanzania Suleiman Nyambui hadi Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, lakini hivyo ni vyuo vya umma vinavyotoa ufadhili wa michezo. Ivy League haitoi. Msaada wake hutegemea kipato cha familia, na kwa familia nyingi zetu unaweza kugharamia karibu kila kitu. Mradi wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na mwandishi wa habari Mmarekani John Manners pamoja na mkimbiaji Mkenya Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, uliwaandaa mjini Iten vijana wa Bonde la Ufa walioongoza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, na wengi wamefika katika vyuo hivi. Mbio zilikuwa sehemu ya wazo, lakini alama ndizo zilizotangulia.

Kwa hiyo muda wa mtoto wako katika mita 1,500 ndio utakaompa kocha sababu ya kufungua barua pepe ya mtoto, na humo mwekeeni pia matokeo ya shule na ya SAT, mtihani wa Marekani wa kuombea nafasi chuoni. Iandikeni barua hiyo mapema, kwa sababu maombi ya mapema hufungwa Novemba 1, wakati mtahiniwa wa KCSE yumo katika chumba cha mtihani. Wengi hulazimika kuomba mwaka unaofuata, matokeo yakiwa mkononi, na mwaka huo wa katikati kocha atataka kujua kijana alikimbia wapi na kwa muda gani.