Pumua kwanza, simu utaishika tu

Mambo vipi watu wangu wa nyumbani, karibuni tena. Leo niko nimekaa tu hapa, nataka tuongee habari ya kutuliza akili, maana naona wengi wetu, huku na huko, tunaisubiri hiyo siku ambayo madeni yameisha, watoto wamekua, kazi imekaa sawa, ndo eti tutulie. Jamani hiyo siku haiji. Inabidi utulie humohumo katikati ya heka heka.

Tuanze na pumzi. Weka vidole viwili hapa kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, sikilizia mapigo. Ukivuta hewa moyo unakimbia kidogo, ukiitoa unapunguza mwendo, mwili umeumbwa hivyo. Sasa vuta kwa pua ukihesabu mpaka nne, toa taratibu mpaka sita. Hapo unapumua kama mara 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida anapumua mara 12 hadi 20. Usijilazimishe lakini, ukisikia kizunguzungu acha, pumua kawaida.

Halafu kuna akili kuzurura. Mwaka 2010 watafiti wawili wa chuo kikuu cha Harvard kule Marekani, Killingsworth na Gilbert, walitumia programu ya simu kuwauliza watu ghafla, saa hii unafanya nini, unawaza nini? Karibu nusu ya mara walizoulizwa, asilimia 47 hivi, mawazo yalikuwa kwingine kabisa, na walipokuwa hivyo furaha ilikuwa chini. Kwa hiyo ukiosha vyombo, osha vyombo. Sikia maji yalivyo ya vuguvugu, povu linavyoteleza kwenye vidole. Akili itatoroka tu, we irudishe bila kujigombeza, na huko kuirudisha ndo zoezi lenyewe wala hujashindwa.

Ila kinachotumaliza sisi tulio mbali na nyumbani ni simu. Unaamka usiku unakuta meseji fupi, "ukiiona hii nipigie", basi. Moyo paa! Kabla hujafungua kitu chochote umeshamzika mtu kichwani. Mimi siku hizi nakaa kwanza kitandani, miguu yote miwili chini, natoa pumzi ndefu mara tatu, ndo napiga. Habari ikiwa nzuri sijapoteza kitu, ikiwa mbaya angalau yule anayelia upande wa pili anapata mtu wa kumsikiliza.

Na kama usingizi umekukimbia wiki nzima nzima, au huoni tena sababu ya kuamka, hapo pumzi peke yake haitoshi, nenda kamwone daktari, tafadhali sana.

Sasa na nyie wa nyumbani nawaomba kitu kimoja, toka moyoni. Mkituandikia, ongezeni maneno mawili tu, "nipigie, ni salamu", au "nipigie, mama anaumwa ila anaongea". Na sisi tuwafanyie hivyohivyo.