Taa Inayosikia Mkono

Hamjambo nyote. Nitaanza na mama yangu, maana taa hii ni yake.

Nilimtengenezea taa inayojiwasha yenyewe. Kihisi mwanga kinajua giza limeingia, kihisi mwendo kinajua kuna mtu chumbani, na kinachoamua ni ESP32, kompyuta ndogo ya chipu moja, niliyoinunua Luthuli Avenue, Nairobi. Sasa, mama husoma Biblia usiku, na akisoma hatikisiki. Kihisi mwendo hufuatilia joto la mwili linalosogea. Mtu akitulia, kwake ni kama hayupo. Taa ikawa inamzimikia katikati ya mstari, naye anapunga mkono hewani ili iwake. Mzazi wangu, ndani ya nyumba yake, anaiomba taa! Liliniuma sana. Nikaamua taa imsikie anapoigusa.

ESP32 ya kawaida ina pini 10, yaani vijiti vya kuunganishia waya, zinazohisi mguso zenyewe. Nililehemu waya kwenye pini namba 4, upande wa pili nikaunganisha kipande cha shaba. Kipande hicho hubeba chaji kidogo ya umeme. Kidole kikikaribia, uwezo wake wa kubeba chaji huongezeka, kwa sababu mwili wetu nao hupitisha umeme. ESP32 huijaza na kuimwaga chaji hiyo mfululizo, ikihesabu imerudia mara ngapi kwa muda uliopangwa. Kidole kikiwapo, kazi inakuwa nzito na hesabu inashuka. Kwangu ilikuwa kama 70 bila mguso, na chini ya 20 nikigusa. Mwenye ESP32-S3, toleo la baadaye la chipu hiyo, awe macho: kwake hesabu hupanda akigusa.

Mwanzoni nilitaka sufuria nzima ya alumini, ile niliyoifanya kitako cha taa, iwe ndiyo ya kugusa. Haikufaa. Chuma kikubwa hivyo kinashusha hesabu hata kabla hujakigusa, na tofauti ya kidole inamezwa. Kipande cha ukubwa wa shilingi 20 kilitosha, na waya mfupi.

Kisha nikabadilisha adapta, na taa ikaanza kuwaka usiku wa manane bila kuguswa na mtu. Adapta za bei rahisi huingiza kelele za umeme kwenye saketi, yaani mitikisiko ya umeme inayovuruga hesabu. Dawa niliyoipata iko kwenye programu: pima mara 10, chukua wastani, na ukubali mguso ukijirudia mara 3 mfululizo. Hesabu ya kawaida taa ijipimie yenyewe kila inapowashwa, maana unyevu wa Julai si ukavu wa Februari. Tena taa ibadilike pale kidole kinapofika tu. La sivyo itawaka na kuzima muda wote umeishika.

Lililonikosesha usingizi ni hili: mkono ukisema washa na kihisi kikisema zima, nani asikizwe? Mimi nasema mkono. Mama akigusa, kihisi mwendo kinyamaze hadi aguse tena au hadi kupambazuke. Kihisi mwanga nacho kielekee dirishani, kisije kikaona mwanga wa taa yenyewe kikadhani ni asubuhi. Wala mguso usipitie intaneti. Waifai ikikatika, mama bado anasoma.

Waya wa mguso usiulaze kamwe karibu na zile volti 240 za ukutani. Taa hii hapa mezani inatumia volti 5. Mama uliyekaa mbele, karibu uiguse, na ninyi wengine mtazame hesabu inayoonyeshwa ukutani.