Jinsi ya Kumtazama Ndege wa Topeni Anavyochagua Windo Lake

Ndugu mtazamaji, karibu ufuoni mwa Ziwa Nakuru. Maji ya hapa hayakupwi wala kujaa kama ya bahari, lakini tope lake huvuta ndege wengi wa ufuoni, hasa kati ya Septemba na Aprili, wageni wa kaskazini wanapokuwa kwetu. Egesha gari paliporuhusiwa, jua likiwa mgongoni mwako, uinue darubini.

Chagua ndege mmoja tu. Nasisitiza, mmoja, na usimwache hata jirani yake akiibua mnyoo mnono zaidi, kwani ukihamahama hutajua yeyote kati yao amekula nini na ameacha nini.

Mtazame huyu mdogo mwenye mdomo mfupi na macho makubwa: anakimbia, anasimama ghafla, anadonoa. Huyu huwinda kwa macho. Yule mwenye mdomo mrefu huwinda kwa kugusa. Ncha ya mdomo wake ina vishimo vyenye neva zinazohisi windo lililofichika, naye huweza kufungua ncha peke yake, sehemu ya nyuma ikiwa imefumba, akalibana humo humo topeni. Msese, ambaye mdomo wake umepinda kwenda juu, hufagia maji kushoto na kulia, na ndiye nimpendaye kuliko wote.

Samahani, picha imetikisika! Furukombe, yule tai mla samaki, amepita na kundi zima limeruka. Tusiwafuate, maana kila wanaporuka huchoma nguvu walizozitafuta kwa taabu.

Haya, wametua. Mshike tena mmoja, na tafadhali usihamishe darubini. Linganisha mara anazodonoa na mara anazomeza, kwa kuwa ndege hupata hasara akitumia muda mrefu kwa windo dogo. Minyoo mikubwa ikiwa tele, midogo hupitwa. Mikubwa ikiadimika, hata midogo huliwa. Wala ukubwa pekee hautoshi: ndege wa Ulaya walao kome mara nyingi huwaacha walio wakubwa kabisa, kwa sababu magamba mazito huweza kuuharibu mdomo.

Ukibahatika kufika Mida, hori ya bahari karibu na Watamu, pwani ya Kenya, anza maji yanapokupwa, umtafute sululu, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, aliyekamata kaa. Kaa akiwa mdogo humezwa mzima. Akiwa mkubwa, sululu humtikisa hadi miguu ikatike, ndipo ammeze, kwa hiyo acha kamera iendelee kurekodi mpaka mwisho.